Jina la Folda Litaje Kazi, Lisitaje Seva: Mwongozo Kamili wa Folda za Pamoja kwa Ofisi Yenye Matawi

Jumatatu moja tulibadilisha seva ya Mbeya. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, diski mbili zinawaka taa ya njano. Jumamosi na Jumapili tulihamisha kila kitu, tukajaribu, tukafunga chumba cha seva mioyo ikiwa imetulia. Saa mbili na nusu asubuhi simu zikaanza. Iringa hawaoni folda ya mishahara. Njombe wanaona alama nyekundu kwenye draivu. Tukuyu wamefungua jedwali la ununuzi wa majani ya chai, nalo linadai chanzo chake hakipo. Data yote ilikuwepo, haijapotea hata faili moja. Kilichokufa ni jina. Kwa miaka sita kila njia ya mkato na kila fomula ya Excel ilikuwa imeandikwa `\\MBY-FS01\`, na asubuhi ile MBY-FS01 haikuwepo tena.

Mchana nikapita masijala. Mzee wa pale aliniona nimenyong'onyea, akauliza kulikoni. Nilipomweleza akashangaa. "Mwanangu, mimi nikihamisha jalada kutoka kabati hili kwenda lile, nani anaambiwa? Hakuna. Wao wanaomba namba. Kabati ninalijua mimi."

Mwongozo huu wote umetoka kwenye maneno hayo. Mfanyakazi aombe kwa jina la kazi. Seva gani inalitunza jalada hilo ni siri ya masijala. Nitaeleza jinsi ya kufika hapo kwa seva za Windows, kwa sababu ndizo nyingi katika ofisi zetu, na karibu na mwisho nitagusa Linux. Mifano ni ya ofisi yenye makao Mbeya na matawi Iringa, Njombe na Tukuyu, kila moja ikiwa na seva yake ndogo.

Kabla hujagusa kitu, hesabu

Ingia kwenye kila seva, fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi, andika `Get-SmbShare`. Utapata orodha ya folda zote zinazosheawa, yaani zilizofunguliwa kwa wengine kwenye mtandao. Nyingi ya zile zinazoishia na alama ya dola ni za mfumo wenyewe, hizo ziache. Zilizobaki ziandike kwenye jedwali moja: jina, seva, ukubwa, nani mwenyewe, nani huandika ndani yake, nani husoma tu, na mara ya mwisho kuguswa. Kisha kwa wiki nzima, mara tatu kwa siku, endesha `Get-SmbOpenFile` uone faili zipi zimefunguliwa na nani. Wiki moja ya kuangalia itakueleza zaidi ya vikao vitatu, maana watu hawadanganyi kwa makusudi, ila wanasahau wanatumia nini.

Safu ya "nani mwenyewe" ndiyo ngumu. Usikubali jibu la "ya wote". Folda ya wote haina wa kuisafisha, haina wa kusema nani aingie, na siku ya ukaguzi haina wa kuijibia. Kila folda ya juu iwe na cheo kimoja kinachoibeba: mhasibu mkuu, ofisa utumishi, meneja wa tawi. Andika cheo, usiandike jina la mtu; mtu anahamishwa, cheo kinabaki.

Katika kuhesabu utakutana na mambo. Kwenye seva ya tawi moja nilikuta folda iitwayo Bajeti, ndani yake "Bajeti FINAL", pembeni "Bajeti FINAL mpya", chini yake "Bajeti FINAL ya mwisho kabisa", na nyingine yenye neno "TUMIA HII". Nilimwita dada mhasibu, nikamwuliza ipi ndiyo. Akaitazama skrini kwa muda, akasema, "Kaka, ngoja nipige simu." Aliyeitengeneza alishahamia Songea. Vitu vya namna hii usivifute. Vihamishie kwenye folda ya Kumbukumbu, weka tarehe, mwenye cheo aamue baadaye kwa utulivu.

Chora mti kwenye karatasi

Kaa na wenye vyeo, chora mti wa folda kwa kalamu kabla ya kompyuta. Wa kwetu ulitoka hivi:

`\\ofisi.lan\Kazi\Fedha`
`\\ofisi.lan\Kazi\Utumishi`
`\\ofisi.lan\Kazi\Ununuzi`
`\\ofisi.lan\Kazi\Miongozo`
`\\ofisi.lan\Kazi\Matawi\Iringa`
`\\ofisi.lan\Kazi\Matawi\Njombe`
`\\ofisi.lan\Kazi\Matawi\Tukuyu`
`\\ofisi.lan\Kazi\Kumbukumbu`

Hakuna jina la seva popote. Hapo mwanzo `ofisi.lan` ni jina la domeni, yaani mfumo mmoja unaotambua watumiaji na kompyuta zote za ofisi, na `Kazi` ni shina la mti. Matawi yametajwa kwa sababu tawi ni sehemu ya kazi yenyewe; Tukuyu ni ofisi yenye watu wake na wakulima wake, hata seva ikichukuliwa na radi kesho.

Usizidi ngazi nne kwenda chini kabla mtu hajafikia faili. Windows tangu zamani ina kikomo cha herufi 260 kwa anwani nzima, na Excel ni mkali zaidi: ikizidi herufi 218 inakataa kufungua. Anwani mpya ya pamoja inaweza kuwa ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo faili lililokuwa linafunguka jana linaweza kugoma leo kwa sababu hiyo tu. Tafuta mapema yale yenye majina marefu kama barua.

Tarehe ziandikwe mwaka kwanza, mwezi, kisha siku: 2025-03-14. Zikipangwa kwa alfabeti zinajipanga zenyewe kwa wakati. Mwaka wa fedha andika 2024-25, maana mkwaju ule wa 2024/25 Windows haiupokei kwenye jina, na kila mtu atabuni wa kwake.

Haki za kuingia: makundi, kamwe si mtu mmoja mmoja

Hapa ndipo ofisi nyingi zinajifunga kamba. Mtu anaomba kuingia, fundi anambofyea jina lake kwenye folda, wanaendelea na maisha. Baada ya miaka mitatu hakuna anayejua nani anaona nini, na aliyeacha kazi bado yumo.

Fanya hivi. Kwa kila folda ya juu tengeneza kwenye domeni makundi mawili ya ruhusa: moja la kusoma, moja la kuandika. Mfano `R_Fedha_Kusoma` na `R_Fedha_Kuandika`. Kisha tengeneza makundi ya watu kwa vyeo: `W_Wahasibu`, `W_Wakaguzi`. Folda iyajue makundi ya ruhusa tu. Makundi ya watu yaingie ndani ya makundi ya ruhusa. Mhasibu mpya akija, unamtia `W_Wahasibu`, umemaliza. Akihamia utumishi, unamtoa hapo, umemaliza. Usitumie makundi yaliyotengenezwa ndani ya seva moja, kwa sababu seva ya pili haitayatambua kabisa.

Kuna milango miwili kwenye kila folda: ruhusa za kushea, zinazohusu kuingia kupitia mtandao, na ruhusa za NTFS, zilizowekwa kwenye faili na folda zenyewe ndani ya diski. Mtu anapita yote miwili, na mlango mwembamba ndio unaoamua. Kwenye kushea wape watumiaji wote wa domeni haki ya kubadilisha, kisha kazi yote ya kuchuja ifanyike kwenye NTFS. Na hili likumbuke vizuri: utakapofika kwenye kurudufisha, yaani seva kunakiliana faili zenyewe kwa zenyewe, ruhusa za NTFS zinasafiri pamoja na faili, lakini ruhusa za kushea hazisafiri. Unaziweka kwa mkono kwenye kila seva. Nimewahi kuzunguka saa nzima nikitafuta kwa nini Njombe wanasoma tu wakati Iringa wanaandika, jibu likawa hilo.

Maliza upangaji wa ruhusa kabla ya kuanza kurudufisha. Ukibadilisha ruhusa juu ya folda yenye faili laki mbili, mabadiliko hayo yote lazima yasafiri, na laini ya tawi itajaa siku nzima bila hata herufi moja ya kazi kuandikwa.

Folda ya Utumishi ina vyeti, namba za NIDA, taarifa za afya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibebesha ofisi yako wajibu wa kuzilinda taarifa hizo. Washa pia ile njia ya kuficha folda ambazo mtu hana ruhusa nazo. Asiyehusika asione hata jina:

`Set-DfsnRoot -Path "\\ofisi.lan\Kazi" -EnableAccessBasedEnumeration $true`

Amri hiyo inawasha tu; kwa kila jina la kwenye mti lazima pia utaje nani aruhusiwe kuliona, kwa `Grant-DfsnAccess`. Yote hayo yatafanya kazi baada ya shina kuwepo, nalo tunalijenga sasa.

Kujenga anwani moja

Windows Server ina kitu kinaitwa DFS, nacho ni vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. DFS Namespaces ni daftari la masijala: inajua jina gani liko seva gani, haibebi faili. DFS Replication ni tarishi: inabeba faili kutoka seva hadi seva. Unaweza kuwa na daftari bila tarishi, na ofisi nyingi zingetosheka na daftari peke yake. Anza nalo.

Kwenye seva mbili angalau, Mbeya na Iringa, weka daftari:

`Install-WindowsFeature FS-DFS-Namespace -IncludeManagementTools`

Tengeneza folda tupu ya shina kwenye kila seva, ishee kwa jina `Kazi`, kisha:

`New-DfsnRoot -Path "\\ofisi.lan\Kazi" -TargetPath "\\MBY-FS02\Kazi" -Type DomainV2`
`New-DfsnRootTarget -Path "\\ofisi.lan\Kazi" -TargetPath "\\IRG-FS01\Kazi"`

Neno DomainV2 lina maana kubwa: daftari linatunzwa ndani ya domeni yenyewe, kwa hiyo seva moja ikizimika nyingine inaendelea kujibu. Ndani ya folda hii ya shina usiweke faili hata moja. Ni daftari tu.

Sasa ongeza majina, moja moja:

`New-DfsnFolder -Path "\\ofisi.lan\Kazi\Fedha" -TargetPath "\\MBY-FS02\Fedha"`
`New-DfsnFolder -Path "\\ofisi.lan\Kazi\Matawi\Iringa" -TargetPath "\\IRG-FS01\Tawi"`

Fungua `\\ofisi.lan\Kazi` kwenye kompyuta yoyote. Mtumiaji anaona mti mmoja, ingawa Fedha iko Mbeya na folda ya Iringa iko zaidi ya kilomita 300 za barabara kutoka hapo. Siku ya kubadilisha seva unaongeza anwani mpya, unaondoa ya zamani, watu wanaendelea kunywa chai. Kompyuta inakumbuka jibu la daftari kwa dakika 30 kwa folda na dakika 5 kwa shina, kama hujabadilisha, kwa hiyo usishangae mabadiliko yakichelewa kidogo. Ukitaka kujua kompyuta imeelekezwa seva gani, andika `dfsutil /pktinfo`.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau, kisha wanailaumu laini. Daftari linampeleka mtu kwenye seva ya karibu kwa kuangalia namba za mtandao za ofisi yake. Kama hujaiambia domeni kwamba 192.168.20.0/24 ni Iringa na 192.168.30.0/24 ni Njombe, kwake wote wako mahali pamoja, na mtu wa Iringa anaweza kuletewa faili kutoka Mbeya ilhali seva iko nyuma ya ukuta wake. Fungua Active Directory Sites and Services, tengeneza eneo kwa kila ofisi, liunganishe na namba zake. Hakiki kwenye kompyuta ya tawi kwa `nltest /dsgetsite`. Ikijibu Default-First-Site-Name, kazi hujamaliza.

Tena, tawi ambalo laini hukatika mara kwa mara liwe na seva ya domeni na shina la daftari palepale. Bila hivyo laini ikikatika Iringa watakuwa na faili zao ndani ya jengo na hawatakuwa na wa kuwaambia ziko wapi.

Kipi kirudufishwe, kipi kisirudufishwe

Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwa fundi mwenzangu, ningelisema hapa. Ukishaonja DFS unatamani kurudufisha kila kitu kila mahali. Usifanye hivyo.

Tarishi huyu hana kufuli. Mtu wa Iringa akifungua faili kwenye seva ya Iringa, wa Njombe anaweza kulifungua lilelile kwenye seva ya Njombe wakati huohuo, na wote wataruhusiwa kuandika. Kila mmoja anahifadhi. Tarishi analinganisha, aliyehifadhi mwisho anashinda, wa kwanza anaondolewa. Hakuna onyo linalotokea kwenye skrini ya mtu yeyote.

Yalitukuta. Msimu wa mahindi, jedwali la malipo ya wakulima lilikuwa linarudufishwa ofisi tatu. Dada wa Iringa aliingiza malipo tangu asubuhi hadi saa saba, akahifadhi, akaenda kula. Wa Njombe alikuwa amelifungua mapema, akarekebisha mstari mmoja, akahifadhi saa nane kasoro. Dada aliporudi akakuta jedwali ni la jana isipokuwa mstari mmoja usio wake. Alinipigia, sauti imekauka: "Kaka, kazi yangu ya asubuhi imeliwa." Nikamwambia asihifadhi kitu, asifute kitu.

Nakala iliyoshindwa huwa haitupwi papo hapo. Inawekwa kwenye folda iliyofichwa, `DfsrPrivate\ConflictAndDeleted`, ndani ya folda inayorudufishwa. Niliisoma orodha yake:

`Get-DfsrPreservedFiles -Path "D:\Malipo\DfsrPrivate\ConflictAndDeletedManifest.xml"`

Ilikuwepo, imeongezewa mkia mrefu wa herufi na namba kwenye jina. Nikainakili pembeni, tukaifungua pamoja tukiwa tunaongea kwa simu, akahesabu mistari yake mmoja mmoja. Ilitimia. Lakini sehemu hiyo ina kikomo, kwa kawaida GB 4, ikijaa ya zamani inafutwa. Angenipigia baada ya wiki mbili za msimu, sina hakika ningemkuta na kitu.

Kuanzia siku ile tunagawa folda kwa kuuliza swali moja: nani anaandika?

Folda inayoandikwa na ofisi moja inakaa kwenye seva ya ofisi hiyo. Tunairudufisha hadi Mbeya kwa ajili ya akiba, lakini kwenye daftari ile nakala ya Mbeya tunaiweka Offline kwa `Set-DfsnFolderTarget`, mtu yeyote asipelekwe huko kwa bahati mbaya. Tawi likipata ajali, tunaiwasha.

Folda inayoandikwa na wachache na kusomwa na wote, kama Miongozo, fomu na nembo, hiyo ndiyo tarishi anaiweza kuliko zote. Irudufishe kila tawi, na nakala za matawi zifanye za kusomwa tu.

Folda inayoandikwa na ofisi nyingi kwa wakati mmoja iwe na seva moja tu. Wengine wataisubiri kwenye laini, itakuwa nzito kidogo, lakini Excel itawaambia "faili hili limefunguliwa na fulani", na onyo hilo lina thamani kuliko kasi. Kama uzito unawashinda, basi kazi hiyo imeshazidi jedwali, inataka mfumo wenye hifadhidata.

Faili za Access (hifadhidata ndogo za Microsoft), faili za PST za barua pepe, hifadhidata ya programu ya uhasibu na diski za kompyuta pepe zisirudufishwe kabisa kwa njia hii. Tarishi anabeba faili baada ya kufungwa, na hizi hazifungwi mchana kutwa.

Kupeleka data ya kwanza: tumia basi

Piga hesabu kabla ya kubofya. GB 600 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku tano na nusu, usiku na mchana, bila mtu mwingine kugusa laini hiyo. Diski ya nje ikipandishwa basi la alfajiri Mbeya, inafika Iringa siku hiyohiyo.

Nakili folda kwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker. Neno la siri lisipande basi moja na diski. Diski iwe na NTFS, la sivyo ruhusa zitamwagika njiani. Amri ni hii, mwendo wa kwenda na wa kushusha:

`robocopy D:\Miongozo E:\Miongozo /E /B /COPYALL /R:6 /W:5 /MT:64 /XD DfsrPrivate /TEE /LOG:C:\logi\miongozo.txt`

Usiburute kwa kipanya. Ukiburuta, ruhusa zinabadilika, na tarishi ataona kila faili ni tofauti, aanze kubeba upya yote uliyoyasafirisha. Baada ya kushusha, chagua faili kumi hivi, linganisha alama zake pande zote mbili kwa `Get-DfsrFileHash`. Zikifanana, endelea. Zisipofanana, mara nyingi ni ruhusa.

Ndipo utengeneze kundi la kurudufisha. Mchawi wa DFS Management atakuuliza seva ipi ni ya msingi, yaani Primary. Tulia hapo. Ya msingi ni ile yenye data sahihi. Ukichagua kwa makosa ile tupu, faili za upande wa pili zitaondolewa mahali pake na kusukumwa kwenye `DfsrPrivate\PreExisting`, na ofisi itaamka inaona folda nyeupe. Zinarudishika kwa `Restore-DfsrPreservedFiles`, lakini hiyo ni siku ambayo hutaki kuiishi.

Sehemu ya maandalizi, ratiba, na umeme

Kila folda inayorudufishwa ina sehemu ya maandalizi, kwenye skrini imeandikwa Staging, yenye GB 4 kwa kawaida. Ikiwa ndogo, tarishi anafungasha na kufungua mzigo uleule tena na tena. Kipimo cha chini ni jumla ya ukubwa wa faili 32 kubwa kuliko zote katika folda hiyo. Pima, usikisie.

Ratiba: mchana mpe tarishi sehemu ndogo ya laini, kuanzia saa moja jioni mwachie yote. Folda ya akiba ya matawi inaweza kusubiri usiku bila hasara.

Umeme ndio adui wa kweli huku kwetu. Masika Tukuyu mvua haiachi, na radi zake tunazijua. Seva ikizimika ghafla, hifadhidata ya tarishi inaachwa wazi, na ikiwaka lazima ijikague. Kwenye Event Viewer, logi ya DFS Replication, namba 2212 inamaanisha imegundua kuzimika vibaya, 2214 imepona. Ukiona 2213, imesimama inakusubiri wewe uiruhusu. Ndani ya ujumbe huohuo imeandikwa amri ya kuiamsha. Chukua nakala ya folda kwanza, kisha iendeshe. Ikikaa imesimama zaidi ya siku 60 kwa kawaida, itakataa kurudi kundini, na itabidi uanze upya.

Dawa ni UPS, betri ya kushikilia umeme, iliyounganishwa na seva kwa waya wa USB, si kwa umeme peke yake, na programu yake iwekwe ili betri ikibaki kidogo seva ijizime kwa heshima. Nimekuta UPS nzuri matawini, waya wa USB bado uko kwenye mfuko wake wa nailoni. Betri zenyewe zijaribiwe kila robo mwaka. Saa za seva zote nazo ziwe sawa, kwa sababu anayeshinda anaamuliwa kwa saa.

Kuwahamisha watu

Usihame siku moja. Anza na folda ya Miongozo, wiki mbili, watu wazoee. Draivu ziunganishwe na domeni kupitia Group Policy, mipangilio ambayo domeni huisambaza kwa kompyuta zote, kwa mfano K: iwe `\\ofisi.lan\Kazi` kwa kila mtu, ofisi zote. Dada akisema kwenye simu "iko K, Fedha, 2024-25", wa Tukuyu anafika palepale.

Kazi chafu ni viungo vya ndani ya Excel. Fungua kila jedwali kubwa, nenda Data, kisha Edit Links (kwenye Excel mpya ni Workbook Links), badilisha `\\MBY-FS01` kuwa anwani mpya. Fanya pamoja na mwenye faili, akiwa amekaa pembeni yako, maana yeye ndiye anajua namba ipi ikibadilika ni hatari. Folda ya zamani iachie isomwe tu kwa mwezi mmoja. Usiifute mapema.

Kwa Linux: Samba, programu ya kushea folda kwenye Linux, nayo inaweza kuwa shina. Weka `host msdfs = yes` kwenye sehemu ya jumla na `msdfs root = yes` kwenye folda ya shina, kisha kila jina ni kiungo kilichotengenezwa kwa `ln -s 'msdfs:irg-fs01\Tawi' Iringa`. Utapata daftari, tarishi hayumo.

Akiba

Kurudufisha si bakapu. Mtu akifuta folda Njombe, inafutika Mbeya baada ya sekunde chache. Kirusi kikifunga faili Iringa, tarishi atabeba zilizofungwa kwa uaminifu uleule. Washa Shadow Copies, nakala za hali ya awali ambazo Windows huzitunza, kwenye kila diski ya data. Ratiba yake ya kawaida ni saa moja asubuhi na saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, na inatunza nakala zisizozidi 64. Hiyo ni ya makosa madogo. Ya makubwa ni bakapu kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi rudisha faili moja kutoka humo, ulifungue, ulisome.

Ijumaa na Jumamosi

Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, pima foleni ya tarishi kwa kila upande:

`Get-DfsrBacklog -GroupName "Miongozo" -FolderName "Miongozo" -SourceComputerName MBY-FS02 -DestinationComputerName IRG-FS01 -Verbose`

Sifuri au makumi machache ni sawa. Foleni inayokua wiki hadi wiki ni ugonjwa. Angalia Staging, kisha laini, kisha logi.

Na baada ya kujenga yote, chagua Jumamosi moja, waarifu watu, nenda Iringa uizime seva ya tawi kwa mkono wako. Mpigie mwenzako Mbeya aiwashe nakala ya akiba kwenye daftari, subiri dakika 30, kisha mwombe mhasibu wa zamu afungue K:, Matawi, Iringa. Usimwambie umefanya nini. Kaa nyuma yake uangalie mkono wake kwenye kipanya. Akilifungua jedwali lake la kawaida na kuanza kuandika, mwambie ahifadhi kwa jina jipya, washa seva, subiri foleni ifike sifuri, rudisha nakala ya Mbeya Offline, kisha hakikisha faili lake jipya lipo Iringa.